Senti Saba za Mjomba Verle

Jumatatu, 5 Juni

Nimesema na sirudi nyuma. Mashine haiuzwi!

Ilianza kwenye kiamsha kinywa, mdomo umejaa chapati za maziwa. Anti Lorna akasema anataka banda lake, mitungi ya jamu haina pa kukaa. Mjomba Verle akasema sawa, hiyo mashine ya kushindilia risasi atamuuzia Orrin wa ng'ambo ya mto, anakuja na pikapu Jumapili baada ya kanisa. Kimyakimya tu, kama mtu anayeuza ndoo iliyotoboka.

Nikauliza kwa nini. Akasema hailipi. Siku hizi risasi za bastola zimejaa tele dukani, nani apoteze jioni nzima kukaza fataki, kile kidonge cha kuwashia baruti, kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa?

Mimi! Mimi nipoteze!

Akacheka. "Wewe Colby, hesabu ulianguka mara mbili. Utaniambia wewe kinacholipa?"

Nikamwambia nipe mpaka Jumatano, nakuandikia kwenye karatasi. Akikubali kwamba inalipa, mashine inabaki na inakuwa yangu. Akanipa mkono, na Anti akawa shahidi, ingawa alikuwa anapima banda kwa macho.

Shule niliiacha darasa la kumi na moja. Walimu walisema siwezi kukaa kitini dakika kumi. Waje wanione mbele ya hiyo mashine. Masaa matatu sinyanyuki, hata mkojo nausahau. Ganda linaingia, fataki inakaa, baruti inamwagika, kichwa cha risasi kinakazwa — tak! Risasi mpya, inang'aa kama jino la dhahabu. Na Mjomba yuko pembeni, ananionyesha kitu bila kuhema kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Hilo sikumwambia. Si mambo ya kuambiana kwenye chapati.

Jumanne, 6 Juni

Uwanja wa shabaha, kuokota maganda. Hesabu yangu inasimama juu ya maganda ya bure, kwa hiyo kiuno kinateseka.

Kuokota kuna adabu zake. Huinami mtu akiwa bado anapiga. Hugusi maganda ya mtu kabla hujamuuliza, hata kama humjui, hata kama ni tajiri na amevaa miwani ya dola mia mbili. Mzee mmoja mwaka jana aliokota bila kuuliza, mpaka leo wanamwita Panya, na mkewe wanamwita Mama Panya.

Kinsey alikuwepo. Huyu ndiye bingwa wa kaunti yetu upande wa bastola, miaka miwili mfululizo, na hapakosi mtu wa kukukumbusha, hasa yeye mwenyewe. Anapiga risasi za dukani tu, boksi baada ya boksi.

"Unadonoa tena, kuku?"

"Kuku ndiye anayekula bure," nikamjibu. "Naomba maganda yako."

"Sema tafadhali."

"Tafadhali."

"Sema tafadhali, bingwa."

Nikasema! Ndoo nzima kwa neno moja, nani mjinga hapo? Halafu akanisaidia kuokota, akatia na vijiwe makusudi. Nimevichambua nusu saa nzima.

Jumatano, 7 Juni

Karatasi imekamilika. Nimeiandika kwa kalamu ya wino, mstari umenyooka, nimetumia ukingo wa kisanduku cha nafaka.

Fataki senti nane. Baruti senti nne. Kichwa senti kumi na moja. Ganda bure, asante bingwa. Jumla ishirini na tatu. Ya dukani senti thelathini. Faida senti saba kila risasi! Niliipigia mstari mara tatu mpaka karatasi ikachanika.

Mjomba akavaa miwani. Akasoma polepole. Akatikisa kichwa kama mtu aliyependezwa, mimi tayari nachagua pa kuweka kiti changu bandani.

Kisha akauliza, "Kabla sijakufundisha kushindilia, ulikuwa unapiga risasi ngapi kwa mwaka?"

Elfu moja hivi.

"Na sasa?"

Nikaangalia dari.

"Colby. Na sasa?"

Elfu nne. Na kitu.

Anti Lorna alicheka mpaka kahawa ikatokea puani. Mjomba hakucheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akageuza karatasi, akaandika nyuma: zamani dola mia tatu kwa mwaka, sasa mia tisa na ishirini. "Umeokoa pesa mpaka umefilisika," akasema. "Na jioni zako hukuziandika popote."

Nikasema jioni zangu ni za kwangu. Nikasema pia kwamba nimekuwa hodari mara nne. Anti akasema alimsikia Kinsey akisema mara mbili. Hii nyumba haina siri!

Nilidhani imeisha. Lakini Mjomba akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasugua kidevu. Akasema kwa pesa nimeshindwa, tena vibaya, ila kuna faida ambayo haiandikwi kwa senti. Jumamosi kuna mashindano. Nitumie bastola yake, na risasi nilizoshindilia mwenyewe. Nikimpita Kinsey, mashine inabaki.

"Verle!" Anti akasema.

"Mitungi itasubiri, Lorna."

Nimempenda huyu mzee ghafla. Asijue.

Alhamisi, 8 Juni

Risasi mia tatu! Leo tu! Mfalme wa Banda, ndiye mimi.

Maganda yalizunguka usiku kucha kwenye pipa la kusafishia, ndani ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, asubuhi yametoka yanang'aa. Mjomba alikuwa shambani kwa jirani, anashika ndama. Aliniachia sheria zake kama kawaida: kahawa nje, simu nje, ukiitwa usiitike, na kila ganda ulichungulie kama kuna baruti kabla hujaweka kichwa.

Nimezifuata. Karibu zote. Kinsey alipiga simu saa tisa, na mimi nilikuwa nayo mfukoni kwa bahati mbaya. (Si bahati mbaya.) Alitaka kujua nimenunua leso ya kulilia au anikopeshe yake. Dakika mbili tu. Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye mpini wa mashine, nikaendelea kuushusha huku namjibu. Nilimjibu vizuri sana, hadi akakata.

Mjomba hana haja ya kujua.

Ijumaa, 9 Juni

Nimesafisha bastola. Nimelainisha. Nimekula maandazi na mchuzi wa soseji ya nyama ya paa, manne. Nimejaribu risasi ishirini, zote zimeingia kwenye duara dogo kuliko mdomo wa kikombe. Nikampelekea Kinsey picha. Akajibu kwa picha ya kuku.

Kesho.

Jumamosi, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Duru tano, sahani za chuma, anayeziangusha upesi zaidi ndiye mshindi. Duru ya kwanza nilipitwa kidogo. Ya pili nikamfikia. Ya tatu nikampita! Watu wakaanza kusogea upande wangu na viti vyao vya kukunja. Mjomba alikuwa amevua kofia, huyu mtu ambaye hata makaburini huivua shingo upande.

Duru ya nne. Sahani nane. Nikazikung'uta tano mfululizo kama natembea. Ya sita nikavuta na — pf. Si mlio. Ni kama mtu aliyefungua chupa ya soda chumba cha pili.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hanioni mtu. Sikufikiri. Saa inakwenda, mkono una akili yake. Bastola ikikwama unaivuta bamba la juu, inatema ganda, inajaza nyingine, unapiga. Nimefanya hivyo mara elfu. Niliivuta. Nyingine ikaingia. Kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

"ACHA!" Msimamizi. Na sauti nyingine juu ya yake, kali zaidi — Kinsey, ameruka kamba, mikono hewani.

Nikaacha.

Msimamizi akaitoa ile risasi ya pili, akaingiza ufito mwembamba wa shaba kwenye mtutu. Ukaenda nusu, ukagota. Kwenye ganda la ile iliyosema pf hakukuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake imekisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikakaa humo. Ningepiga ya pili, ingekikuta njiani. Bastola ingenipasukia mkononi, na nilikuwa nimebakiza kukaza kidole kidogo tu.

Hakuna aliyecheka. Kwa uwanja ule, ni ajabu. Kinsey alikuja akasimama karibu yangu, akasema tu, "Kaa chini, Colby." Nikakaa, na mashindano yangu yakaishia hapo.

Njia ya nyumbani maili ishirini. Kumi na tano za kwanza Mjomba hakusema neno. Halafu, macho barabarani:

"Nani alipiga simu?"

Ningeweza kudanganya. Ni kipaji changu. "Kinsey," nikasema.

"Muda gani?"

"Dakika mbili."

Akaendesha. Akapunguza mwendo kwenye daraja. Akasema mwaka themanini na nane alipasua bastola ya baba yake, kwa sababu redio ilikuwa inatangaza mpira naye alikuwa anashangilia mkono ukiwa mashineni. Ile alama ya kidole gumba, niliyoambiwa maisha yangu yote kwamba ni msumeno — si msumeno.

"Baba yako alisemaje?"

"Nilimwambia zilikuwa risasi za dukani. Aliwaandikia wenye kiwanda barua ya matusi, kurasa tatu. Wakamtumia boksi mbili za bure na kalenda."

Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake. Yeye pia mabega yalimtikisika. Kisha akasema, bila kicheko tena, "Sijawahi kumwambia mtu. Wewe umesema baada ya maili kumi na tano."

Jumapili, 11 Juni

Hatukwenda kanisani. Mjomba Verle, asiyekosa ibada! Anti amekwenda peke yake, akasema atatuombea kwa majina.

Zimebaki risasi mia mbili na kumi, na hakuna ajuaye kama ipo nyingine tupu humo. Nikasema tuzipime kwenye mizani, nyepesi ndiyo yenye dosari. Mjomba akasema jaribu. Nikajaribu. Maganda yangu ya kuokota ni ya kila kiwanda duniani, yanapishana uzito kuliko hata hiyo baruti yenyewe. Basi zote zinafunguliwa, moja moja. Unaifunga risasi ndani ya nyundo maalumu ya plastiki, ya kung'olea vichwa, unagonga gogo mara tatu, nne, kichwa kinatoka, unamwaga baruti kwenye bakuli. Halafu nyingine. Halafu nyingine.

Saa nne Kinsey akaja na nyundo yake na donati dazeni. Nikasema sikujua mtu wa risasi za dukani ana nyundo kama hiyo. Akasema ni ya baba yake, na nikifungua mdomo tena donati zinarudi kwenye gari. Akakaa juu ya ndoo. Simu yake ameiacha nje juu ya jiwe, hakuna aliyemwambia.

Ya sitini na nane ndiyo ilikuwa tupu. Mjomba akaishika mwangani, akanipa. Tumeendelea, maana huenda ipo nyingine.

Naandika hapa mkono ukipumzika. Saa sita kasoro. Pikapu ya Orrin imeingia uani sasa hivi, na trela nyuma. Anti naye amerudi, yuko naye nje, namsikia akimwonyesha mlango wa banda.

"Verle! Mtu wa mashine!"

Mjomba anagonga. Mara tatu. Kichwa kimetoka.

"Verle, amekuja na spana!"

Orrin sasa yuko mlangoni, kofia mkononi, anatutazama watatu na bakuli letu. Anauliza kama afungue boliti mwenyewe. Kinsey ananitazama mimi. Mimi namtazama Mjomba.

Mjomba amemwaga baruti, amepuliza ndani ya ganda, amelichungulia. "Orrin," anasema, "hiyo spana iweke chini kwanza. Unajua kutumia nyundo?"

Anti anaziuliza mbingu mitungi yake itakaa wapi sasa. Orrin anatafuta ndoo ya kukalia —