Salamu Ambayo Hakuna Aliyeituma

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na ukiweza usinicheke, maana mimi mwenyewe nikijisikiliza sijui nilie au nicheke. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nashonea sebuleni kwangu, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha shule ya Jumapili kanisani kwetu, wale watoto wa miaka sita hadi kumi, ambao ukiwageuzia mgongo kidogo tu mmoja ameshapanda juu ya meza.

Mwanzoni mwa muhula niliwafundisha kwamba tendo dogo la upendo haliishii pale lilipofanyika, kwamba ukimpokea mtu mzigo naye atampisha mwingine kwenye foleni, na huyo mwingine atafika nyumbani moyo umetulia asimfokee mwanawe, na ndivyo upendo wa Kristo unavyotembea kwa miguu ya watu. Sasa ili walione jambo hilo kwa macho nikakata vipande vya karatasi za rangi, nikawaambia kila atakayefanya tendo la upendo aje Jumapili alitaje mbele ya wenzake, apewe kipande aandike jina lake, tukikunje pete, pete ishike pete, mpaka mnyororo uzunguke darasa zima, na mwisho wa muhula wazazi waje kuuona. Jamani, watoto walichachamaa! Mmoja alimsukuma mdogo wake akaanguka ili apate wa kumwinua. Bibi mmoja anayekaa nyuma ya kanisa alianuliwa nguo zikiwa bado mbichi mara tatu kwa siku moja, na watoto watatu tofauti, hadi akaja kuniuliza amenikosea nini. Nilicheka, nikasema ni watoto, wataelewa taratibu.

Miongoni mwao yumo binti wa kaka yangu, ana miaka tisa, mimi ndiye shangazi yake wa pekee. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, mwezi unakatika hajarudi, kwa hiyo uani kwetu tunabaki mimi kwenye nyumba yangu na wifi yangu kwenye ya kwao, milango inatazamana, bomba la maji moja, kamba ya nguo moja. Na mimi na wifi tulikuwa hatusalimiani, mwaka wa tatu huu. Chanzo ni maneno tu ya msibani, mama yetu alifariki baada ya kuugua miezi minane nyumbani kwa wifi, na siku ya maziko nikasema mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa na vidonda vya mgongo, vile vya kulala bila kugeuzwa, nilikuwa na uchungu, yakanitoka, wifi akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na ukimya ukishakaa ndani unazoeleka.

Basi wiki ileile niliyoanza habari ya mnyororo, huyu mtoto akanikuta bombani akaniambia, “Shangazi, mama anakusalimia.” Mshauri, niliduwaa mpaka ndoo ikafurika. Nikajibu tu, “Zimefika.” Kesho yake akaja tena, “Mama anasema pole na kazi.” Nikasema, “Mwambie nimeshapoa.” Siku ya tatu nikaona haya, mtu mzima mimi kazi yangu kupokea tu, nikamwambia, “Na wewe ukifika msalimie sana.” Ndivyo tulivyoanza. Baada ya wiki kadhaa nikabakiwa na kitambaa cha maua, nikashona pazia la dirisha la jikoni kwake, nikampa mtoto apeleke. Wifi akanirudishia mayai sita ya kuku wake. Siku moja mvua ilinikuta sokoni natafuta vifungo, na kambani nilikuwa nimeanika sare kumi na mbili za kwaya, za watu, nikarudi mbio roho mkononi, nikazikuta juu ya kiti mlangoni kwangu, zimekunjwa, kavu. Hatukuwa tumesemeshana bado, lakini mtoto alikuwa anapita katikati yetu na salamu zake, nami nikawa nalala vizuri.

Ikafika Jumapili ya wazazi. Wifi hakuwepo, anafanya usafi kwenye zahanati na siku hiyo ilikuwa zamu yake. Mnyororo ulizunguka darasa karibu mara mbili, watoto wakawa wanasoma majina yao, huyu ana pete nane, huyu kumi na moja, na mtoto wa kaka yangu hana hata moja. Hata moja, mshauri! Wazazi wakanitazama, najua walikuwa wanasema mtoto wa mwalimu ndiye mkavu kuliko wote, nikapandwa na aibu, nikasema kwa sauti, “Huyu ni damu yangu, lakini mnamwona, muhula mzima hajampenda mtu.” Watu wakacheka kidogo. Yeye hakulia, alitazama viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Jioni nilimwita nikamuuliza kwa nini hakuniambia tendo lolote. Akanijibu, “Ningesema, ungejua.” Nijue nini? Nilimbana mpaka akafunguka, sasa hapo ndipo alipolia. Mama yake hakuwahi kunisalimia. Zile salamu za mwanzo alizitunga yeye, na siku hiyohiyo alikwenda kwao akamwambia mama yake, “Shangazi anakusalimia.” Kwangu alisema hivi, kule akasema vile, mpaka sisi wenyewe tukaanza kutumiana za kweli, naye akaacha kutunga.

Tangu siku hiyo mtoto hapiti tena mlangoni kwangu, anazunguka nyuma ya nyumba, na amesema darasani harudi. Mama mchungaji nilipomweleza alisema uongo ni uongo hata ukivaa kanzu nyeupe, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya muhula mpya mtoto asimame mbele ya wenzake atubu, asije akawafundisha wengine kusema uongo. Na juzi wifi, kwa kinywa chake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliniita toka upande wa pili wa kamba, “Wifi, mbona kimya? Nimekukosea tena?” Nilikuwa na pini mdomoni, nikajifanya siwezi kujibu, nikaingia ndani.

Naomba ushauri wako, nimwambie wifi ukweli kwamba mimi sikuwa nimemsalimia, turudi tulikotoka? Au ninyamaze, nami ni mwalimu wa Neno, nijenge juu ya uongo? Na huyu mtoto nimwadhibu, au nifanyeje? Nampenda kuliko nafsi yangu na naona nampoteza.

Ni mimi,
Shangazi Mtu

*

Shangazi Mtu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, ya pili nilikasirika, na kwa kuwa hasira bado iko karibu nitaanza nayo.

Kosa la mtoto wa miaka tisa umelieleza mpaka rangi ya karatasi. La kwako umelipitisha haraka haraka, tena umeliita “maneno tu ya msibani”. Maneno tu? Mwanamke amemuuguza mama yako miezi minane. Mama yako, mwenzangu, si wake. Amemwogesha, amemlisha, amefua mashuka yake, kisha siku ya maziko, mbele ya ukoo na majirani, anaambiwa hakumgeuza mgonjwa. Muulize muuguzi yeyote: vidonda vile vinaweza kumpata hata mgonjwa anayetunzwa kwa bidii. Na wewe ulikuwa unakwenda mara ngapi kumgeuza? Nimetafuta jibu ndani ya barua yako sijaliona, na milango, umesema mwenyewe, inatazamana. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; wewe ulijikwaa ulimi na aliyechechemea miaka yote hii ni wifi yako.

Sasa pole. Nasema kwa moyo, kwa sababu mtu asiye na dhamiri haandiki barua kama yako. Ulifiwa na mama, na nadhani ulimsema wifi usije ukajisema mwenyewe. Wengi tumefanya hivyo. Lakini wengi hatukupata mtoto wa kutuokoa.

Kuhusu huyo mtoto, sitampaka sukari. Alisema uongo, na uongo haufai. Ila tazama alichokuwa anakiona kila siku: watu wawili anaowapenda wanapishana bombani kama abiria wasiojuana, na mmoja wao Jumapili anashika chaki kufundisha upendo. Akafanya aliloliweza. Kisha angalia alivyolitunza. Wenzake walikuja na matangazo, huyu alikaa na pete sifuri kwa sababu alijua akilitaja tu litavunjika. Mnawafundisha watoto kutoa kwa siri, halafu mnawadai risiti! Mwanafunzi aliyekuelewa kuliko wote ndiye uliyemwumbua mbele ya wazazi, na sababu, umeikiri mwenyewe, ni kwamba watu walikutazama.

Huo mnyororo ushushe. Fundisho lako lilikuwa zuri na nalipenda, ila ulikosea pale ulipomzawadia mtoto kwa kujisifu. Wale waliomwanulia bibi wa watu nguo mbichi hawakumwona bibi, waliona karatasi. Muhula ujao wageuzie swali. Usiwaulize wamefanya nini. Waulize nani amewatendea jambo jema wiki hii, na baada ya kutendewa wao walijisikia kumfanyia nani. Utashangaa. Atatajwa dereva wa basi la shule, atatajwa dada aliyeacha kipande kikubwa cha mkate, na mtoto atajifunza kutazama. Upendo unaenea kwa aliyeupokea, mwalimu, na huwezi kuupokea kama hukuuona.

Habari ya kutubu mbele ya darasa, hapana. Mama mchungaji mpe heshima yake yote na umjibu kwa upole kwamba jambo la nyumbani litamalizwa nyumbani. Anayetakiwa kusimama ni wewe. Ulimsema hadharani, msafishe hadharani, mbele ya wazazi walewale: “Nilimhukumu mtoto huyu bila kujua alichofanya, nilikosea, namwomba radhi.” Basi. Usieleze zaidi, na usiangue kilio ukageuza siku yake kuwa ya kwako.

Unaniuliza umwambie wifi ukweli au unyamaze. Ukinyamaza, shangazi, nani ataendelea kubeba hiyo siri? Ni mtoto. Unaogopa mtarudi mlikotoka, lakini hebu fikiri: nani alishona pazia? Nani alikunja sare kumi na mbili za watu asiowajua, za kazi ya mtu aliyemvunjia heshima? Zilizotungwa ni salamu za siku mbili tatu. Yaliyofuata mmeyatenda ninyi, kwa mikono yenu, na hayawi uongo kwa sababu mlango ulifunguliwa na mtoto.

Kwa hiyo gazeti hili likikufikia, lifunge, uende kwa wifi. Usimtume mtu, usipeleke zawadi, usingoje kaka arudi na lori ili akusaidie kuongea. Na toa hizo pini mdomoni. Aliyekosewa amekuita jina la undugu na kukuuliza kama amekukosea yeye, nawe ukakimbia! Mkute asubuhi kabla hajaenda zahanati, au mngoje akitoka.

Na uanze na mgongo wa mama. Nakusisitizia mpangilio huu kwa sababu najua utatamani kuanza na habari ya salamu, ni nyepesi, inachekesha, na lawama inaangukia kwa mtoto. Anza na lako. Sema, “Nilikusingizia. Ulimtunza mama kuliko mimi, na nilisema vile kwa sababu niliona aibu.” Kisha nyamaza, umwache aseme anachotaka kusema hata kama kitachukua saa nzima, hata kama atakukumbusha usiyopenda kukumbushwa. Anaweza kukufungia mlango. Ana haki hiyo, na ukifungiwa rudi kesho kutwa ukamsalimie kwa kinywa chako, na siku nyingine tena, bila kinyongo. Lakini mtu aliyekuuliza “mbona kimya” sidhani kama anataka kufunga mlango.

Hayo yakishatoka ndipo umweleze alichofanya binti yake, na umwambie waziwazi kwamba humlaumu.

La mwisho ni mtoto mwenyewe, na hapa msiende mmoja mmoja. Mkae naye nyote wawili, wewe na mama yake, kwenye kiti kimoja kama mtaweza. Mwambieni kweli mbili. Ya kwanza, kwamba alisema uongo na asirudie, kwa sababu siku nyingine akileta salamu ya kweli watu watashindwa kumwamini. Ya pili, ambayo ni ndefu na msiikate, kwamba kupatanisha watu wazima haikuwa kazi yake, kwamba aliwaona mnaumia akaibeba kwa sababu ninyi mlikuwa mmeiacha chini, na kwamba mnamshukuru na mnamwomba msamaha. Msimwambie “wewe bado mtoto, hutaelewa”. Anaelewa kuwashinda.

Akiwauliza swali lolote, mjibuni. Akinyamaza, msimbane. Kisha mwacheni akacheze.

Mshauri wako