Nimemdanganya Mjomba Kuhusu Datsun Ijayo

Mama Albina, wewe unayesoma shida za watu bila kuwacheka, naomba unisaidie kabla mwezi ujao haujaisha, kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nachingwea, mzaliwa wa Kagera, na nina mchumba wangu Felomena wa Mkotokuyana ambaye nampenda sana, na sasa nakaribia kumkosa kwa ajili ya gari ambalo sijaliona na ambalo hata likitoka halitafika huku.

Ilianza hivi. Kwetu anayeombwa binti ni baba, basi mimi na mshenga wangu tukaenda moja kwa moja kwa baba yake, Mzee Modestus, tukapokewa vizuri, tukala kuku, tukarudi tunafurahi, na baada ya wiki moja Felomena akaja analia kwamba nimemruka mwenyewe, kwa sababu kwao mwenye kauli ya mwisho ni mjomba, na mjomba wake, Mzee Saturnini wa Likunja kule Ruangwa, amesema hamjui mwalimu yeyote na hana mtoto wa kuozesha. Nikafunga safari kwenda kumwomba radhi.

Mzee Saturnini alikuwa dereva wa lori miaka mingi mpaka alipovunjika mguu, na enzi zile mashindano ya magari ya Safari yalipopita Tanga aliiona Datsun Z ikikata matope, na tangu siku hiyo hana habari na gari jingine. Hakunitazama wala hakunikaribisha, na mimi kwa kutapatapa nikasema nimesikia Wajapani wanaandaa Z mpya. Hapo hapo akamwita mkewe aniletee kiti.

Mama, nilichokuwa nacho ni kipande cha gazeti la Kiingereza nilichofungiwa sabuni dukani, mistari miwili tu, kwamba huenda Z mpya ikatoka. Akaniuliza habari hizo nazipata wapi, nikasema nina kaka baharia anayefika Yokohama kule Japani, nami sina kaka baharia, kaka yangu analima migomba. Tangu hapo kila nikienda ananiuliza, taa zitakaaje, injini itakuwa na silinda ngapi, paa litafunguka au halitafunguka, nami namjibu kwamba taa zitakuwa zinafumba na kufumbua, na nikikosa jibu naahidi kumwandikia kaka, halafu safari inayofuata narudi na jibu nililolitunga njiani. Mguu uliokuwa umemfungia ndani siku hizi unamfikisha sokoni kuwasimulia watu, na ameturuhusu tuoane baada ya msimu wa korosho.

Sasa yupo fundi wa magari pale Ruangwa, Adinani, amembishia mbele za watu kwamba Z mpya haitafanana kabisa na anavyosema, na kwamba hata jina la Datsun lenyewe linafutwa. Hili la jina ndilo lililomuuma mzee. Juzi hata kabla sijaketi akaniuliza kama ni kweli, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kaka ameandika kwamba jina haliguswi. Mzee akaenda sokoni akasema wote wanasikia, "Mkwe wangu hawezi kunidanganya. Ikiwa amenidanganya, simwozeshi." Na Adinani ana ndugu yake Dar es Salaam anayemletea jarida la magari lenye picha, litafika mwisho wa mwezi ujao.

Sili, silali, naandika hesabu ubaoni watoto wananisahihisha. Nikisema ukweli namkosa Felomena, nikinyamaza jarida litanisemea, na Felomena mwenyewe hajui lolote, anashona nguo ya harusi. Nimefikiria kuomba uhamisho. Nifanye nini, Mama?

Mwalimu, Nachingwea (jina langu lisitoke, tafadhali)

*

Mwanangu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, na mara ya pili nikakasirika.

Kumruka mjomba ulikosea kwa ugeni, na hilo watu walikwisha kukusamehe. Uongo hukuupata kwa ugeni. Uliutunga mwenyewe ukawa unaulisha kila safari, na kaka yako wa watu ukampandisha meli bila kumuuliza. Siku ya harusi akishuka kwenye basi na mkungu wake wa ndizi, utamweleza nini mzee? Na huo uhamisho usahau kabisa. Utahama wewe, Felomena abaki na nguo ya harusi na maswali ya mtaa mzima?

Wewe unaogopa jarida. Mimi namwogopea mzee aliyesimama sokoni kukutetea, kwa sababu siku picha zikifika atakayechekwa ni yeye, na wewe utakuwa darasani Nachingwea. Halafu nani alikuambia anataka habari za Japani tu? Tangu avunjike mguu, ni wangapi wamefunga safari hadi Likunja kukaa naye na kumsikiliza? Hilo ulimpa kweli, na lingetosha bila baharia.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwambie Felomena kwanza, yote, bila kupunguza, asije akayasikia kwa fundi. Kisha mchukue mshenga wako mwende Likunja, na hata ukiletewa kiti, wewe keti mkekani. Mwambie mzee akiwa peke yake, mapema, ili apate nafasi ya kwenda sokoni kwa miguu yake kusema alipotoshwa, kabla Adinani hajamsemea. Usilie, na usijitetee kwa mapenzi. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi baada ya wiki mbili. Akikufukuza tena, rudi tena. Akikataa kukuozesha, hiyo ni haki yake, na mimi sina dawa ya kukuahidi.

Lakini akikuuliza, nami nadhani atauliza, sasa hiyo Z mpya itakuwaje, usikimbilie kufungua mdomo. Mjibu, "Sijui, mjomba. Wewe unaonaje?" Kisha msikilize mpaka amalize.

Mama Albina