Valence wa Redioni

Lizaboni, Songea
11 Julai 1988

Kaka Rupert, shikamoo.

Mahindi tumeshavuna, na maduka ya Majengo siku hizi yana sabuni hadi za kuchagua. Lakini keti kwanza, kaka. Mdogo wetu Valence yu hai.

Jana bendi ya jeshi iliyorudi kutoka Msumbiji ilipiga uwanjani. Nilikwenda na kichwa hiki nilichonyolewa matangani, nikamkuta jukwaani anaimba. Alipomaliza wimbo akanifuata.

"Dada, nani amefariki?"

"Wewe," nikamwambia. "Redio ilitangaza Valence Mbawala wa bendi, mwenyeji wa Songea."

Hakucheka. Alisema bendini walikuwamo Valence Mbawala wawili, na yule mpiga tarumbeta wa Mjimwema walimzika hukohuko Msumbiji.

Mama wa huyo mpiga tarumbeta unamkumbuka. Alisikia tangazo lilelile, akaamini ni wetu, akaja kutulilia. Ndiye aliyeshika wembe akaninyoa. Jana alikuwa mbele kabisa ya jukwaa, na kitenge kipya, akimngoja mwanawe. Alipomwona Valence amenishika mkono, alitupigia vigelegele.

Sikumwambia kitu, kaka. Nilimpungia.

Mdogo wako,
Ursula