Doa Jekundu kwenye Sofa la Bibi Harusi

Mbagala, Dar es Salaam

Dada Levina,

Shikamoo sana dada yangu. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya huko? Na kahawa, mmeshaanika au mvua bado inawachezea? Mie ni mzima kuanzia shingoni kushuka chini. Kuanzia shingoni kupanda juu, hayo ndiyo yamenikalisha niandike.

Najua umenipigia simu mara nyingi na kila ukipiga nakata. Usidhani mdogo wako kapata jeuri ya mjini. Mdomo umevimba, nikiongea nasikika kama mtu aliyejaza uji wa moto kinywani, ungelia bure. Nimeona bora nitumie kalamu, yenyewe haina fizi.

Kazi yangu ya sofa unaijua. Dar nzima hii hakuna fundi anayevuta kitambaa kama mie. Wenzangu wanavuta kwa koleo. Mie mkono huu una nyundo, huu una msumari, na kitambaa nakivuta kwa meno ya mbele. Kuna mkubwa mmoja kule Goba, nilivuta ngozi ya sofa lake mpaka fremu ikalia kama mbuzi, na mkubwa mwenyewe akasimama akapiga makofi. Shomari, ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa hapahapa na koleo lake halimtoki mkononi, alikuwaga ananitania, "Kosmas, hayo meno umeazima wapi? Mwenyewe akija kuyadai je?" Namjibu koleo ni la wazee.

Basi fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki. Nikajiambia ni uchafu tu huo. Nikatafuta mswaki mgumu kuliko yote sokoni, nikachanganya na mkaa wa kusaga, nikasugua kama nasugua sufuria iliyoungua. Zikazidi kuvimba. Nikazidi kusugua. Ndivyo nilivyoishi, dada: asubuhi nasugua, mchana navuta, jioni ugali naumeza bila kutafuna, nalala nimechoka na fizi zinapwita.

Mpaka likaja sofa la rangi ya maziwa, la mama mmoja anayemwoza bintiye. Imebaki kona ya mwisho. Nikauma kitambaa, nikavuta, nikasikia jino linacheza kama mguu wa kiti kilichochoka. Nikaachia. Pale nilipouma pana doa jekundu, na mama mwenyewe amesimama mbele yangu.

"Fundi, hii damu ya nani?"

"Mama, huo ndio muhuri wangu. Sofa langu halali linajulikana kwa huo."

"Basi huo muhuri kautibu. Na kitambaa utabadilisha."

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akaniangalia mdomoni, kicheko kikamkauka. "Twende, ndugu yangu. Hapa utani umekwisha." Akafunga kazi yake, akanipeleka kwa daktari wa meno.

Daktari ni binti, rika la binti yako Yusta. Akapapasa fizi kwa kijichuma, akaligusa jino, likatikisika. Akaniuliza, "Baba, kuna kitu unavuta au unafungua kwa meno?" Nikaona hapa ndipo pa kumwaga sifa. Nikamweleza kazi yangu, nikamweleza soda za sherehe zote za kwetu, nikaongeza kwamba kuna gari la bwana harusi lilikwama matopeni, nikalivuta kwa kamba, kwa meno hayahaya. Nilidhani atacheka. Kumbe anaandika. "Na gari," akasema taratibu, kalamu inatembea. Ikabidi niseme, "Gari lifute, daktari. Hayo mengine yaache."

Alichonieleza nakueleza kwa lugha ya mbao, ndiyo ninayoijua. Kiti kikiwa na mbao nzima, hata akikalia mtu mnene kinavumilia. Mbao ikishaliwa na wadudu ndani, kila anayekaa anaimalizia. Kinywani mwangu kuna vijidudu, vimejenga kwenye ukoga uliogeuka jiwe chini ya fizi, mahali mswaki haufiki. Hivyo ndivyo vilivyoleta uvimbe. Mie juu ya uvimbe huo nikawa navuta kila siku. Anasema hata nyama ya fizi inahisi ule mvuto, na ikiwa imeshawaka, kuivuta ni kuichochea. Na ule mswaki wangu mgumu ulikuwa unachuna nyama tu, vijidudu vimekaa raha mstarehe.

Amekwangua. Dada, nilisikia mpaka kwenye kisigino. Kisha akafunga meno mawili kwa waya mwembamba yashikane na wenzake. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi, kasema. Nikiacha kuvuta na nikipiga mswaki laini kwa upole, huenda yakashika. Nikivuta tena, hata mara moja, yote mawili hana ahadi nayo.

Jana nimelimaliza sofa la yule mama kwa koleo la Shomari. Limekaa sawasawa. Hakuna mtu angejua tofauti. Dada yangu, hilo limenichosha kuliko maumivu.

Sasa kuna siku ya kupokea mahari ya Yusta. Nilitaka kukuandikia kwamba siji, kazi imebana. Unajua mwenyewe wakikaa wageni, watoto wanaanza, "Mjomba! Mjomba!" mpaka nifungue soda ya kwanza kwa meno na kizibo nikitemee juu ya bati. Mjomba asiyefungua soda atakaa wapi? Lakini binti ni wetu, na mahari haipokelewi mjomba akiwa amejificha Mbagala. Nitakuja. Nitasema maneno machache, kwa upole.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie bado namkumbuka kwa ile pombe yake. Mdogo wetu Zakaria, naye siku hizi ananiiga, mwambie aache kufungua chupa kwa meno. Usimwambie kwa nini. Nikifika nitafungua mdomo aone waya.

Na wewe, dada, siku hiyo funga opena ya soda kwenye pindo la kitenge chako. Usingoje niombe. Wakianza tu kuniita, inuka wewe, uniletee mkononi mbele ya watu, kama vile ndivyo tunavyofanyaga siku zote.

Ni mimi mdogo wako, wa uji na mchuzi,
Kosmas