Vioo Mlivyozika Kwenye Ntumba

Kaka Deo,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo usije ukasema Ulaya imeninyang'anya adabu. Mama hajambo? Wifi na watoto je? Mimi mzima, ila nina hasira. Barua hii naipitishia kwenye simu ya wifi kwa sababu tukizungumza nitafoka, nawe utakata.

Jana ulinieleza, tena kwa furaha, kwamba mvua ya mawe imevunja vile vioo vyangu vitatu vya sola juu ya bati la mama hapo Malangali. Maji yakaingia, weusi wa vioo ukageuka manjano. Sawa, mvua siilaumu. Kisha ukasema, "Usiwe na wasi, mdogo wangu, tumevitwanga tukavizika kwenye ntumba pamoja na nyasi. Mama kasema humo hakuna kinachoshindwa kuoza."

Deo! Ntumba ni tuta la kuozeshea nyasi ili tupande juu yake, si jalala! Kioo kimeoza lini?

Na kioo chenyewe si neno. Kazi yangu huku ni kupika dawa ya kunasa jua. Tunachanganya chumvi ya risasi, risasi ile ile ya betri za gari, na chumvi nyingine, tunapaka kwenye kioo utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unatoa umeme vizuri, tena kwa gharama ndogo. Adui yake ni unyevu. Ukilowa unaharibika, na risasi inaondoka na maji. Ndiyo manjano uliyoyaona. Sasa imo kwenye udongo ambamo mama amepanda maharage, na wanao wanakula majani yake kabla hata hayajatoa maua. Risasi inadumaza akili ya mtoto. Na wifi ana mimba!

Basi vaa glovu, fukua tuta lote na udongo wake, tia kwenye ndoo zenye mifuniko, weka mbali na kisima. Ng'oa maharage, wala usiyachome. Watoto wasisogee. Kisha wifi na watoto waende hospitali wakapimwe damu. Mama atanuna. Mwache anune.

Nilipomweleza msimamizi wangu, swali lake la kwanza lilikuwa vioo vilidumu siku ngapi. Nilitoka nikabamiza mlango.

Lakini mlango haukuwa na kosa. Krismasi, nilipokuwa navifunga, mama alisimama chini ya ngazi akauliza, "Mwanangu, vina nini ndani?" Nikamjibu, "Vioo tu, mama, msiviguse." Nilijua nikitaja risasi atavikataa, nami nilitaka vionje jua na mvua ya Ufipa, nijue kama vitadumu.

Nisalimie shangazi wa kule Izia, anayeniombea kila Jumapili niwe mtu mkubwa. Mwambie sasa amwombee wifi.

Na mama akiuliza nani ametia sumu kwenye ntumba yake, usitaje mvua ya mawe, wala usijitaje wewe. Nitaje mimi.

Mdogo wako,
Skolastika