Nilisema Usinipendelee

Ghorofani, juu ya karakana ya friji
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Na kazini, bado wanakupangia zamu za usiku? Sisi tu wazima. Mama mkwe goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Uliniuliza kwa nini nilikuwa nimenuna kwenye simu. Ni ule mchezo wetu wa Jumamosi. Unaujua: shemeji yako akishafunga karakana tunakaa mezani, yeye anasimulia hadithi, sisi kila mmoja ana mhusika wake ndani yake, na penye jambo gumu tunarusha dadu kuona kama limewezekana. Mimi ni mwindaji anayemtafuta kaka yake aliyepotea. Mama mkwe ni mwizi, na anaiba hadi vya wenzake.

Basi akaja muuguzi, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma. Ana sauti tamu, ana vishimo mashavuni, na mhusika wake ni mwimbaji. Tangu siku hiyo hadithi ikawa yake. Mwindaji wangu akimuuliza mlinzi wa lango habari za kaka yake, mlinzi hajui kitu. Mwimbaji akipita tu, anasikia mluzi kutoka mnarani. Tena shemeji yako anamwita jikoni kumnong'oneza siri za hadithi, wanarudi wanacheka. Mdogo wangu, usoni natabasamu, ndani naungua.

Wiki iliyopita mwimbaji alikuwa akipanda mnara kwa kamba, mimi nimetangulia, nimeishikilia juu. Nikasema mwindaji anatoa kisu, anaikata. Shemeji yako akaniuliza kama nina hakika. Nilirusha dadu kabla hajamaliza. Mwimbaji akaanguka, akafa.

Muuguzi hakulalamika. Aliweka penseli mezani, akaaga kwa adabu, akaenda chumbani kwake. Mama mkwe akanitazama.

"Mwindaji hana ugomvi na yule binti," akasema. "Mwenye kisu ni wewe."

Shemeji yako alinikuta naosha vikombe. Nikayamwaga yote: mluzi, jikoni, vicheko. Akabaki ameshika taulo.

"Si wewe uliyeniambia nisikupendelee?"

Ni kweli nilimwambia, siku tulipoanza, watu wasije wakasema mke wa msimulizi anabebwa. Nilimaanisha dadu zangu zikianguka vibaya, ziachwe hivyo hivyo. Kumbe yeye alielewa kwamba kila mlango nitakaoufikia aufunge.

"Nilisema usinipendelee," nikamwambia. "Sikusema usinione."

Akatundika taulo. Alidhani naufurahia mchezo, maana sikuwahi kusema lolote. Kisha akaniambia kwamba aliyekuwa akipiga mluzi, amefungiwa chumba cha siri mnarani, ndiye kaka yangu. Siri za jikoni zilikuwa hizo. Mwimbaji alikuwa akipanda kuniletea habari zake. Nilitamani sakafu inimeze.

Asubuhi yake nilimgongea muuguzi mlango, nikamwomba radhi. Maskini, alidhani tumemchoka, na alishaanza kutafuta chumba kwingine. Nilimwambia kosa ni langu. Habari za vishimo sikumwambia.

Jana tulirudia pale pale, kamba ikiwa nzima. Kabla ya kuanza, kila mtu alisema anataka nini kwenye hadithi na nini hataki, na siri zote sasa zinasemwa mezani. Kaka yangu nimempata. Nililia kidogo, na mama mkwe akatumia nafasi hiyo kumwibia viatu.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Muuguzi akiimba, shemeji yako anafumba macho, nami naanza kukohoa.

Nisalimie mumeo na wale pacha, na baba mdogo ukimpigia simu. Mama mkwe anakusalimu sana. Mungu awalinde wote na akupe usingizi wa kutosha.

Ukija likizo, kiti chako kipo, kati ya muuguzi na mama mkwe. Karibu na shemeji yako nakaa mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna.