Mlango Nilioacha Wazi

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza visa. Shemeji hajambo? Sisi huku tu wazima. Mama analalamikia magoti yake na chumvi yangu, kwa hiyo ujue nguvu anazo.

Ulinikataza kumtaja mdogo wetu kwenye barua. Leo navunja amri, unisamehe, maana nikinyamaza nitapasuka.

Unajua unga wa kulevya aliokuwa akivuta ulivyotufanya. Cherehani yangu ya kwanza aliibeba kichwani mchana kweupe, huku akiwaamkia majirani. Tangu hapo nafungia kila kitu, hata sukari, na funguo zinashinda kiunoni mwangu.

Sasa ana miezi saba kwenye matibabu. Kila asubuhi huaga kwamba anakwenda kliniki kunywa dawa. Mimi, Kaka, sikumwamini hata siku moja. Alhamisi nikamfuata, funguo nimezizungushia kitambaa zisilie.

Nilimkuta kwenye foleni, kavaa shati nililomshonea. Muuguzi akampa kikombe kidogo, akanywa, akashushia maji. "Haya, sema," muuguzi akamwambia. Akafungua kinywa wazi kama mtoto: "Nimemeza." Kumbe! Ndiyo maana nyumbani akimaliza chai husema "nimemeza", na sisi humcheka. Watu wazima kama thelathini walisema neno hilo, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyeona haya. Mwili ule ule niliouona ukigaragara kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ulikuwa umejileta wenyewe asubuhi zote hizo, mvua na jua, bila kushikwa mkono na mtu.

Akaniona. Hakukasirika.

"Dada, na mlango umefunga?"

Nikashika kiuno. Funguo ninazo, mlango nimeuacha wazi! Mimi, ninayefungia sukari! Akatimua mbio kabla sijasema neno. Nikabaki nyuma na miguu yangu hii, na sitakuficha: njia nzima sikuwaza mwizi mwingine yeyote. Nilimwaza yeye, peke yake, na cherehani mbili na nguo za watu.

Nilimkuta amekaa kizingitini, kaupa mgongo mlango, jasho linamchuruzika.

"Hakuna aliyeingia," akasema. "Hata mimi."

Nililia hadharani, kisha nikamgombeza kwa kukalia vumbi na suruali safi.

Ya kesho siyajui. Muuguzi anasema wapo wanaoanguka na kuinuka tena, na matibabu bado ni marefu. Ila mdogo wako humuuliza Mama habari zako kwa sauti ya chini, akidhani sisikii. Mwandikie, hata mistari miwili.

Mama anakusalimu sana, shangazi pia, na jirani yetu mwashi anauliza kama bado unakoroma. Mungu akutunze huko uliko, akurudishe tukuone.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako mshonaji

N.B. Barua hii anaipeleka posta mdogo wetu mwenyewe. Bahasha nimempa bila kuigundisha, pamoja na kalamu.

*Kaka, shikamoo. Leo pia nimemeza.*